Akiba ya Mshono

Lilifika ndani ya mfuko wa salfa ya mikorosho,
mfuko uliofuliwa mara mbili na bado unawasha pua.
Vestina akauweka juu ya meza yangu
kama mtu aliyeleta mgonjwa hospitali ya Ndanda:
"Fundi Mchopa, gauni la bibi.
Ndoa ni Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio.
Nusu nakulipa leo, nusu mnada wa pili ukilipa."

Nikanawa mikono. Nikatandika shuka.
Lesi ya pamba, ya kabla ya nailoni,
imegeuka rangi ya chai ya maziwa iliyosahaulika mezani.
Vifungo kumi na tisa mgongoni, vilivyobaki kumi na sita.
Kwapa la kushoto, mende wamekula wakashiba.
Na kwenye mkia wa gauni, doa la bibo,
pana kama kiganja cha mtoto.

Siku nne kwenye beseni,
sabuni ya kipande, bila kusugua, bila kukamua.
Maji ya kwanza yalitoka na kutu,
ya tano nikauona mkono wangu chini yake.
Doa halikuhama.
Ndimu, chumvi, jua la saa nne: wapi.
Nani huku asiyejua? Bibo likikupata limekupata.
Sare zetu za shule zilitoa ushahidi
mpaka darasa la saba.

Nikapima. Kiuno cha gauni, inchi ishirini na tano.
Kiuno cha Vestina, thelathini na moja, akiwa amebana pumzi.
"Pumua," nikamwambia. Thelathini na tatu.
Inchi nane! Huko si kuongeza,
ni kumkaribisha mtu wa pili.

Basi nikafumua, na fundi akifumua anasoma.
Juu kabisa, uzi mnene uliochomolewa kwenye kiroba cha unga:
huyo ni shangazi Krispina, aliolewa miaka ya foleni,
duka zima lina viberiti na kaunta tupu.
Chini yake, mkono wa shule ya masista,
mishono midogo, imenyooka kama sisimizi wanaohama.
Ila mbele, tumboni tu, sisimizi wamepotea njia.
Mkono ni uleule, lakini wa usiku, wa kibatari,
umeachia inchi mbili haraka haraka,
na matundu ya mshono wa kwanza bado yamefumbua macho.

Krispina ndiye kifungua mimba.
Ndanda nzima inajua alizaliwa wa miezi saba,
akaombewa misa, akapona.
Nilihesabu kwa futi ya kupimia, nikaiviringisha, nikaitia mfukoni.

Alasiri akaja Bibi Notburga mwenyewe, na fimbo yake.
Akainama juu ya meza. Kidole kikatembea
tundu baada ya tundu, kikasimama.
"Umefika hapa."
"Nimefika, bibi."
"Haya. Shona."

Nikamuuliza habari ya doa, nikidhani la karamu.
"Hilo la kabla," akasema,
akaziba mdomo kwa upande wa khanga,
na mabega yake yakacheka peke yao.

Mkia nikaukata, nikapata vipande viwili vya ubavu.
Doa ningeweza kulitupa na makombo.
Nikaligeuza ndani, upande wa kushoto,
mahali ambapo mkono wa bibi harusi
utalifunika akishika maua.
Na kila mshono nikauachia akiba ya inchi nzima,
maana sijui atakayekuja ana mwili gani, wala haraka gani.

Vifungo vitatu nilivitafuta Masasi, sikupata vya kufanana.
Nimevitoa kwenye kanzu yangu.
Padri hatageuza mgongo wa mtu kuhesabu.
Na Idi, ikija,
itanikuta shingo wazi.